Picha za eksirei katika kupanga vipandikizi vya meno kwa vibogoyo

Picha za eksirei za kupangia vipandikizi ni picha anazopiga daktari wa meno ili ajue kimo, upana na umbo la mfupa wa taya kabla ya kuutoboa na kuingiza vipandikizi, yaani skrubu ndogo za metali ya titani zinazoshikilia meno ya bandia. Makala hii inahusu hasa wagonjwa waliopoteza meno yote ya taya moja au ya mataya yote mawili. Kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo huitwa kibogoyo. Neno hilo watu hulitumia kwa mzaha, lakini hali yenyewe haina mzaha: asiye na meno hushindwa kutafuna vyakula vingi, matamshi yake hubadilika, na wengi huona haya kula mbele ya wageni.

Usahihi wa picha hizo hupimwa kwa milimita. Daktari akidhani mfupa una kimo cha milimita 14 kumbe una 11, keekee yake inaweza kufika kwenye neva na kumwachia mgonjwa ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, pengine kwa maisha yote. Akidhani mfupa ni mnene kumbe ni mwembamba, anaweza kutokeza upande wa ulimi na kukata mshipa wa damu. Kwa sababu hiyo swali la picha ipi inasema kweli, na kwa kiasi gani, limechunguzwa sana tangu vipandikizi vilipoanza kutumika kwa wingi.

Taya lisilo na meno

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Mtu anapotafuna, nguvu hupita kwenye mzizi wa jino hadi mfupani, na mfupa hujijenga kufuatana na nguvu hizo. Jino likitoka, kazi hiyo hukoma na mfupa huanza kunywea. Upungufu huwa wa haraka katika miezi ya kwanza, kisha huendelea polepole kwa miaka yote inayofuata. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka 25 juu ya watu waliovaa meno ya bandia kamili. Upungufu haukukoma katika muda wote huo, na sehemu ya mbele ya taya la chini ilipoteza kimo takriban mara nne ya kile kilichopotea katika taya la juu.

Mwaka 1988 Cawood na Howell waligawa hatua za kunywea huko katika madaraja sita. La kwanza ni taya lenye meno. La nne ni taya ambalo bado lina kimo cha kutosha lakini limekonda juu kama makali ya kisu. La sita ni taya lililobomoka kiasi kwamba mahali palipokuwa na kilima pamebaki bonde. Daraja la nne ndilo linalodanganya zaidi kwenye picha, kama itakavyoonekana hapa chini, kwa sababu likitazamwa kwa ubavu linaonekana zima.

Katika taya la chini kitu cha kwanza ambacho daktari hukitafuta kwenye picha ni mfereji wa mfupa unaopita ndani yake kila upande. Ndani ya mfereji huo mna neva na mishipa ya damu. Neva hutokea nje kwenye tundu dogo la kidevu, takriban chini ya mahali palipokuwa na magego madogo. Kwa mtu mwenye meno tundu hilo liko mbali na ukingo wa ufizi. Kwa kibogoyo wa miaka mingi mfupa wa juu yake umeisha, na tundu linaweza kuwa juu kabisa ya ukingo, likifunikwa na ufizi tu. Watu wa aina hii hulalamika kwamba meno ya bandia yanawachoma wanapotafuna. Sababu ni kwamba sahani inakandamiza neva yenyewe.

Upande wa ndani wa taya la chini, chini ya magego, mfupa huingia ndani kama upande wa mtungi. Tezi ya mate hukaa katika kibonde hicho. Mishipa ya damu ya sakafu ya mdomo hupita karibu, na mingine midogo huingia mfupani katikati ya kidevu kwa nyuma. Ikikatwa, damu huvujia chini ya ulimi, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya hewa huweza kuziba. Ajali hii ni nadra lakini imeripotiwa mara nyingi katika majarida ya tiba, na baadhi ya wagonjwa walihitaji kutobolewa koo ili wapumue.

Taya la juu lina shida nyingine. Juu ya magego kuna uwazi wa hewa uitwao sinasi. Meno yakishatoka, sinasi hutanuka kushuka chini huku ukingo nao ukinywea kupanda juu, hata mfupa uliobaki kati yao ukawa wa milimita chache, wakati mwingine mwembamba kama ganda la yai.

Historia kwa ufupi

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895. Wiki chache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimbidi atulie mbele ya mionzi kwa dakika 25. Picha ya panorama, inayoonyesha mataya yote kwa pamoja, iliendelezwa na Yrjö Paatero wa Finland kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Tomografia ya kompyuta, ambayo hospitalini huitwa siti skani, ilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield aliyeitengeneza alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alianza kuifikiria hesabu yake alipokuwa akifanya kazi katika hospitali mjini Cape Town.

Vipandikizi navyo vilitoka Sweden. Per-Ingvar Brånemark aliona katika miaka ya 1950 kwamba titani hushikamana na mfupa hai, na mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza katika taya la chini. Kwa miaka mingi madaktari walipanga kazi hiyo kwa panorama na kwa vidole. Tomografia ya miale ya koni, ambayo imebuniwa kwa ajili ya kichwa na mataya, ilielezwa na Piero Mozzo na wenzake wa Verona, Italia, katika makala ya mwaka 1998.

Picha ndogo ya ndani ya mdomo

Picha ya kawaida ya jino, ambayo filamu au kihisi chake huwekwa ndani ya mdomo, huonyesha mambo madogo vizuri kuliko nyingine zote. Kwa kibogoyo haifai sana. Kishikio chake kimetengenezwa ili kiumwe na meno, na meno hayapo. Tena sakafu ya mdomo ya mtu aliyenywea taya iko juu, hivyo kihisi hakishuki vya kutosha kuonyesha mfereji wa neva. Pasipo jino la kulinganisha, daktari hana hakika kama picha imerefuka au imefupika.

Picha ya panorama

Panorama ndiyo picha inayopatikana kwa urahisi zaidi, na kwa wagonjwa wengi ndiyo ya kwanza. Mgonjwa husimama, chombo cha eksirei huzunguka kichwa chake kwa sekunde chache, na mataya yote hutokea yamekunjuliwa kama ramani. Inaonyesha mizizi iliyosahaulika mfupani, uvimbe, hali ya sinasi, na mahali ulipo mfereji. Ni kosa kuidharau. Lakini ni kosa kubwa zaidi kuipima kwa rula na kuamini namba inayotoka.

Sababu ya kwanza ni kukuza. Msomaji aliyewahi kuweka mkono kati ya taa na ukuta anajua kwamba kivuli huwa kikubwa kuliko mkono. Eksirei hutoka kwenye nukta moja na kutawanyika, na taya haligusi kihisi, basi picha yake ni kivuli kilichokuzwa. Kwa sheria ya pembetatu zinazofanana, ukuzaji ni umbali kutoka chanzo hadi kihisi ukigawanywa kwa umbali kutoka chanzo hadi kitu. Katika mashine nyingi za panorama ukuzaji wa kusimama ni kati ya mara 1.2 na 1.3. Ukuzaji wa kulala ni tatizo zaidi kwa sababu haulingani: hutegemea kasi ya mzunguko na mahali taya lilipo. Kwa hiyo umbali kati ya vipandikizi viwili haupaswi kupimwa kwenye panorama hata kidogo.

Njia ya zamani ya kurekebisha ukuzaji ni kuweka gololi ndogo ya chuma yenye kipenyo kinachojulikana ndani ya sahani ya nta au ya akriliki ambayo mgonjwa huivaa wakati wa picha. Tuseme gololi ina milimita 5, na kwenye picha inaonekana na milimita 6.25. Ukuzaji ni 6.25 ÷ 5 = 1.25. Mfupa wa juu ya mfereji ukionekana na milimita 15 kwenye picha, kimo chake halisi ni 15 ÷ 1.25 = milimita 12. Madaktari kwa kawaida huacha nafasi ya usalama ya milimita 2 juu ya mfereji, kwa hiyo kipandikizi kirefu kinachoruhusiwa ni milimita 10. Daktari ambaye hakufanya hesabu hiyo angetoa 2 katika 15 na kuchagua kipandikizi cha milimita 13. Kingeingia ndani ya mfereji kwa milimita 1 nzima.

Gololi hurekebisha mahali ilipo tu. Panorama inaonyesha vyema tabaka jembamba lenye umbo la kiatu cha farasi, na tabaka hilo ni jembamba zaidi kwa mbele. Mtu mwenye meno huuma kijiti chenye mtaro, na meno yake ya mbele huwa mahali panapotakiwa. Kibogoyo huwekwa kwa kidevu na kwa taa za mashine, pengine akiuma pamba. Kidevu kikisogea mbele, meno ya mbele ya taya hubanwa. Kikirudi nyuma, yanapanuka. Kichwa kikielekea upande mmoja, nusu moja ya taya hukua na nyingine hupungua, na daktari anayelinganisha kulia na kushoto hupotea.

Sababu nyingine ni kwamba mionzi ya panorama hupigwa kwa kuelekea juu kidogo. Kwa hiyo kilichoko upande wa ulimi huchorwa juu zaidi kuliko kilichoko upande wa shavu, hata kama kwa kweli viko sawa. Ukingo wa ndani wa taya unaweza kuonekana kama ndio kilele cha mfupa, na kimo kikasomwa kwa wingi kuliko kilivyo.

Kubwa kuliko yote, panorama haina unene. Ni picha bapa. Taya la daraja la nne, lililokonda juu kama makali ya kisu, linaonekana juu yake na kimo kizuri cha milimita 12. Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha karibu milimita 4 na kinahitaji walau milimita 1 ya mfupa kila upande, jumla milimita 6. Ikiwa upana wa milimita 6 unapatikana baada ya kusawazisha milimita 3 za juu, kimo kilichobaki cha kutumika ni 9. Hakuna gololi itakayomwambia daktari jambo hilo. Kibonde cha upande wa ulimi nacho hakionekani.

Njia za bei nafuu za kutafuta unene

Pahali ambapo hakuna tomografia, zipo njia mbili zisizo na gharama kubwa. Moja ni picha ya kichwa kwa ubavu, ile inayotumiwa na wataalamu wa kupanga meno. Inaonyesha mkato wa taya katikati ya kidevu, na unene wake pale hupimika vizuri. Pembeni haisaidii kwa sababu pande mbili hulaliana. Nyingine ni kupima kwa sindano: ufizi hutiwa ganzi, sindano yenye kizuizi cha mpira huchomwa hadi igonge mfupa katika sehemu kadhaa za nje na za ndani, na unene wa ufizi huhamishiwa kwenye umbo la plasta la taya lililokatwa. Kinachobaki baada ya kutoa unene wa ufizi ni mfupa. Njia hii ya pili hutoa makadirio mazuri ya ukingo wa juu, ila haifiki chini kwenye kibonde.

Njia hizi hazijapitwa na wakati kama wengine wanavyodhani. Mkutano wa wataalamu uliofanyika katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 ulipendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa taya la chini lisilo na meno iwe meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili. Viwili hivyo huwekwa mbele, kati ya matundu mawili ya kidevu, ambako hakuna mfereji mkuu wa neva. Kwa kazi hiyo, panorama, picha ya ubavu na vidole vya daktari mzoefu mara nyingi hutosha ikiwa taya bado lina mwili. Likiwa limenywea sana, hazitoshi.

Tomografia ya miale ya koni

Katika tomografia hii mionzi hutoka kwa umbo la koni na kupokewa na kihisi bapa. Vyote viwili huzunguka kichwa mara moja, au nusu mzunguko, kwa muda wa sekunde 10 hadi 40 hivi, vikichukua picha mia kadhaa kutoka pembe tofauti. Kompyuta huziunganisha kuwa bunge la vijisanduku vidogo viitwavyo vokseli, kila kimoja na upande wa milimita 0.1 hadi 0.4. Kwa kuwa vokseli ni mchemraba sawa pande zote, daktari anaweza kulikata taya kwenye kioo cha kompyuta kwa mwelekeo wowote, kama mtu anayekata mkate, na kupima kila kipande. Ukuzaji umeshaondolewa na hesabu.

Usahihi wake umejaribiwa kwa kupima mafuvu makavu na mataya ya maiti kwa kalipa, kisha kupima sehemu zilezile kwenye picha. Tofauti kwa kawaida ni chini ya milimita 1, na mara nyingi ni sehemu za kumi za milimita. Hayo ni matokeo mazuri, lakini yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Fuvu kavu halipumui, halimezi mate, wala halitetemeki. Wengi wa vibogoyo ni wazee. Kichwa kikicheza kidogo tu wakati wa mzunguko, kingo za mfupa huwa mbili mbili, na vokseli ya milimita 0.1 haina maana tena. Ndiyo maana mkanda wa kichwa na kiti ni muhimu kwao kuliko namba nzuri iliyoandikwa kwenye tangazo la mashine.

Makosa mengine ya tomografia ni haya yanayofuata, na yote yana uzito zaidi kwa asiye na meno.

Vokseli ikiwa nusu mfupa na nusu ufizi, kompyuta huipa rangi ya katikati. Ganda la mfupa lililo jembamba kuliko vokseli moja au mbili hufifia au hutoweka. Katika taya la juu la mtu mzee ganda la nje mara nyingi ni jembamba kiasi hicho. Mtu anaweza kuona pengo mahali penye mfupa.

Mkato ukipindika, kipimo hurefuka. Kimo cha kweli kikiwa milimita 12, na mkato umeinama digrii 20 kutoka kwenye mstari wa kusimama wa taya, kitasomeka 12 ÷ 0.94, yaani karibu milimita 12.8. Mwenye meno ana mizizi ya kumwonyesha daktari mstari uko wapi. Kibogoyo hana, na taya lake lililonywea limejipinda upya: la juu limeingia ndani, la chini limetoka nje. Hapa programu haiwezi kufikiri badala ya mtu.

Mfereji wa neva huonekana kwa sababu una kuta nyeupe za mfupa mgumu. Katika taya la mtu mwenye mifupa iliyopungua madini, hali inayowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kuta hizo hupungua na mfereji hupotea katikati ya utando wa mfupa laini. Daktari hulazimika kuanzia kwenye tundu la kidevu na kufuata mfereji kurudi nyuma, kipande kwa kipande.

Metali nayo hutoa michirizi myeupe na vivuli vyeusi. Kwa asiye na meno tatizo hili ni dogo kabla ya upasuaji kwa sababu hana vijazio wala kofia za meno. Likitokea, ni baada ya vipandikizi kuwekwa: titani hutia giza pembeni mwake, na mfupa mwembamba unaokizunguka kipandikizi unaweza kuonekana umekufa na haujafa.

Je, picha inaweza kupima ugumu wa mfupa? Katika siti skani ya hospitali kila kiwango cha weusi na weupe kina namba ya Hounsfield inayolingana na wingi wa kitu: maji ni 0 na hewa ni −1000. Tomografia ya koni hutoa namba zinazofanana na hizo, na programu nyingi huzionyesha bila onyo. Namba hizo hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine na hata kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Zisisomwe kama vipimo.

Meno ya bandia kama dira

Kujua mfupa uko wapi ni nusu ya kazi. Ni lazima pia kujua meno mapya yatakaa wapi, kwa sababu kipandikizi kilicho katikati kabisa ya mfupa lakini kinachotokea kwenye ulimi hakimfai mtu. Kwa mwenye meno, majirani wa pengo ndio wanaoonyesha. Kwa kibogoyo inabidi kwanza yatengenezwe meno ya bandia, yajaribiwe mdomoni hadi mgonjwa aridhike na sura, matamshi na namna mataya yanavyokutana, ndipo picha ipigwe. Wanaogeuza utaratibu huu hujikuta na vipandikizi vilivyoshika imara visivyoweza kujengewa meno.

Tatizo ni kwamba akriliki ya meno ya bandia huonekana kwenye eksirei karibu sawa na ufizi, shavu na ulimi. Suluhisho la kwanza lilikuwa kutengeneza nakala ya meno hayo kwa akriliki iliyochanganywa na unga wa salfati ya bari, ambao huonekana mweupe. Suluhisho linalotumika zaidi sasa ni la picha mbili. Vidoa vidogo vya gutaperka, utomvu uleule unaotumiwa kuziba mizizi ya meno, huwekwa kwenye sahani. Mgonjwa hupigwa tomografia akiwa amevaa sahani hiyo, akiuma kipande cha silikoni ili isisogee. Kisha sahani peke yake hupigwa picha ya pili. Programu hulinganisha vidoa vya picha ya kwanza na vya pili na kuilaza sahani mahali pake juu ya mfupa. Nafasi kati ya sahani na mfupa ndiyo unene wa ufizi.

Njia hii ni nzuri sana na ina mahali pamoja pa udhaifu: sahani iliyolegea. Ikiwa meno ya bandia hayakukaa sawasawa juu ya ufizi, kila kitu kinachofuata kinahamishwa pamoja nayo, na programu haitalalamika, kwa kuwa vidoa vyote vimelingana. Alama ya hatari ni mstari mweusi wa hewa kati ya sahani na ufizi kwenye picha. Ukionekana, sahani ipigwe tabaka jipya kwa ndani na picha irudiwe, hata kama mgonjwa amechoka. Wengi hawarudii.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye mfupa

Mpango ukikamilika, kompyuta hutengeneza kiolezo cha plastiki chenye matundu yanayoongoza keekee. Wagonjwa wengi hudhani kwamba kuanzia hapo hakuna kosa tena. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa na Tahmaseb na wenzake mwaka 2018, uliona kwamba vipandikizi vilivyowekwa kwa violezo vya namna hiyo vilipotoka kutoka kwenye mpango kwa wastani wa milimita 1.2 kwenye mdomo wa tundu, milimita 1.4 kwenye ncha, na digrii 3.5 kwa mwelekeo. Huo ni wastani. Vipo vilivyopotoka zaidi. Ndiyo sababu ile nafasi ya usalama ya milimita 2 haikuachwa ingawa picha zimekuwa bora.

Kosa hilo ni jumla ya makosa madogo ya picha, ya kulinganisha vidoa, ya kutengeneza kiolezo, ya keekee inayocheza ndani ya tundu lake, na ya kukiweka kiolezo mdomoni. Kwa mwenye meno kiolezo huegemea juu ya meno, ambayo hayabonyei. Kwa kibogoyo huegemea ufizi, na ufizi hubonyea. Sindano za ganzi zikiuvimbisha, mambo huharibika zaidi. Taya la juu lina kaakaa pana la kuegemea. La chini lina ukingo mwembamba tu, na kiolezo huteleza kama kiatu kilicholegea. Kwa hiyo hufungwa kwa pini zinazoingia mfupani kutoka pembeni kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

Kiasi cha mionzi

Mtu hupokea wastani wa mikrosiverti 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula, hata asipopigwa picha yoyote. Panorama moja kwa kawaida ni chini ya mikrosiverti 25, sawa na siku tatu au nne za mionzi hiyo ya kawaida. Tomografia ya koni hutofautiana mno: kuanzia makumi machache hadi karibu 1,000, kutegemea mashine, ukubwa wa eneo na ubora uliochaguliwa. Siti skani ya mataya ni kati ya mia kadhaa na zaidi ya 1,000. Kwa hiyo kusema tu kwamba tomografia ya koni ina mionzi kidogo hakutoshi. Inategemea nani ameiwasha na kwa mpangilio gani. Kwa mtu wa miaka 70 hatari ya saratani kutokana na kipimo kimoja ni ndogo sana kuliko kwa kijana, lakini kupiga kichwa kizima kwa ajili ya vipandikizi viwili vya kidevuni hakuna maana kitabibu.

Miongozo haikubaliani kikamilifu. Wanaradiolojia wa meno wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2012, walishauri kuanza na panorama kwa uchunguzi wa jumla na kutumia picha yenye mkato, hasa tomografia ya koni, kwa kupanga kila sehemu ya kipandikizi. Miongozo ya Ulaya ya miaka hiyohiyo iliacha uamuzi zaidi kwa daktari: tomografia itumike pale ambapo kupapasa na picha za kawaida hazikujibu swali. Nchini Tanzania mashine za eksirei, zikiwemo za meno, zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na mwenye mashine anatakiwa kuwa na leseni. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari kabla ya picha eneo gani litapigwa na swali gani linatafutiwa jibu. Akishapigwa, aombe nakala ya data zenyewe kwenye diski, si karatasi iliyochapishwa tu, kwani data hizo zinaweza kukatwa na kupimwa upya na daktari mwingine bila kumwongezea mionzi.